Kikundi cha Akina Mama Kinasaidia Kweli? Mwongozo Kamili wa Kupima, kwa Walioko Kigoma

Ripoti ninazoletewa zinafanana sana. Ukurasa wa kwanza una picha ya akina mama wamekaa mkekani chini ya mwembe. Wa pili una jedwali la mahudhurio. Wa tatu unasema akina mama "wamefurahi na wanaomba mradi uendelee". Nikiuliza wangapi kati yao walifika wakiwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na wangapi sasa wana nafuu, sipati jibu. Nikiuliza walioacha kuja wako wapi, naambiwa hakuna aliyewatafuta.

Wanaoandika ripoti hizo si wavivu. Ni watu wanaopanda vilima vya Buhigwe kwa miguu kumfuata mzazi mmoja. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaonyesha namna ya kupima. Mwongozo huu, wa kupima kama kikundi kinawapunguzia sonona wajawazito na waliojifungua, ni wao: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauguzi wa kliniki, viongozi wa vikundi na maofisa miradi walioko Kigoma Ujiji, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza. Unafaa kwa mradi wenye akina mama kati ya 30 na 200, na hauhitaji mtaalamu wa takwimu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari gumu la kuandikisha, lenye namba ya siri ya kila mama badala ya jina.
- Daftari la pili, dogo, linalounganisha namba na majina. Hili halitoki ofisini.
- Sanduku au kabati lenye kufuli.
- Karatasi za maswali, nakala za kutosha vipimo viwili kwa kila mama.
- Vikombe vinne vya plastiki na punje za maharage. Utaona kazi yake hatua ya 5.
- Wahojaji wanawake wawili au watatu ambao hawaendeshi kikundi na hawaishi mtaa mmoja na wanaohojiwa. Ukiwa Kasulu au Buhigwe, angalau mmoja awe anazungumza Kiha vizuri.
- Simu yenye salio na fedha taslimu ya nauli ya dharura.
- Kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo.

Kama fedha ya nauli ya dharura haijapatikana, subiri. Vingine vyote unaweza kuazima.

## Hatua ya 1: Tengeneza njia ya rufaa kabla ya kuuliza swali hata moja

Mara yangu ya kwanza nilianza na maswali. Mama wa tatu niliyemhoji aliniambia amechoka kuishi. Nilikuwa na kalamu na karatasi, sikuwa na namba ya mtu hata mmoja wa kumpigia. Nilikaa naye hadi jioni, dada yake aliporudi kutoka mwaloni. Sitaki likukute.

Andika kwenye karatasi moja: muuguzi wa zahanati iliyo karibu na simu yake, anayehusika na afya ya akili hospitali ya wilaya, ofisa ustawi wa jamii, na dawati la jinsia na watoto la polisi kwa mama anayepigwa nyumbani. Kwa walioko manispaa, rufaa ya juu ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Onana na kila mmoja wao ana kwa ana, na muulize: "Nikikuletea mama leo jioni, utampokea?"

Wafundishe wahojaji dalili zisizosubiri kesho. Mama halali kwa siku kadhaa na wala haonekani kuchoka. Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Anasema mtoto si wake, au mtoto ana kitu kibaya ndani yake. Maneno yake yanaruka na hayashikani. Hali hii humpata mama 1 au 2 katika kila uzazi 1,000, mara nyingi ndani ya wiki 2 za kwanza, na inaanza ghafla. Familia nyingi hudhani ni mapepo na kukimbilia kwa mganga. Usibishane nao kuhusu mapepo. Sema waende hospitali kwanza, leo, na mama asiachwe peke yake na mtoto.

Utajua umefaulu ukipiga namba zote siku ya kazi saa nane mchana na zote zikapokelewa.

## Hatua ya 2: Ruhusa

Anzia kwa Mganga Mkuu wa halmashauri na mratibu wa afya ya uzazi na mtoto, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa, na mwenyekiti wa kitongoji. Ukinuia kuchapisha matokeo kama utafiti, unahitaji pia kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Ndani ya kambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu, kuna kibali cha kuingia kinachotoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na kwa akina mama kutoka Burundi maswali yako yatahitaji Kirundi.

Viongozi wa kijiji watakuomba orodha ya majina ya "wenye matatizo". Wanaiomba kwa nia njema. Usiitoe, na uwaambie mapema, kwa heshima, kwamba hutaitoa.

## Hatua ya 3: Andika kazi ya kikundi kwa sentensi moja

Huwezi kupima kitu usichokijua. Vikundi vingine ni vya kusikilizana, vingine vinafundisha malezi, vingine ni vya kuweka na kukopa na mazungumzo yanakuja pembeni. Mwombe kiongozi amalizie: "Mama akija kwetu mara sita, tunatarajia kitakachobadilika kwake ni..."

Akijibu "atapata elimu", muulize elimu hiyo itafanya nini saa nane za usiku mtoto analia na yeye hana nguvu ya kumnyonyesha. Mkae hapo mpaka jibu litoke. Nimeona mkutano wa nusu siku ukiishia kwenye sentensi hiyo moja, na haikuwa nusu siku iliyopotea.

## Hatua ya 4: Chagua kipimo, kisha kisemwe kama mama anavyosema

Kipimo ninachopendekeza ni Kipimo cha Edinburgh, kilichotolewa mwaka 1987 kwa ajili ya sonona ya waliojifungua na kinachotumika pia kwa wajawazito. Kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Alama zinaanzia 0 hadi 30. Alama 13 na zaidi huchukuliwa kuwa dalili nzito ya sonona. Wengine hutumia 10 wasije wakamkosa mtu. Amua moja, iandike, usiibadilishe katikati.

Kwa nini si PHQ-9, fomu nyingine ya maswali ya kupima sonona, ambayo zahanati nyingine wanaifahamu? Kwa sababu PHQ-9 inauliza usingizi, uchovu na hamu ya kula. Mzazi wa wiki tatu halali, amechoka, na anakula akipata nafasi. Utamhesabia ugonjwa kwa jambo ambalo ni maisha ya kila mzazi. Kipimo cha Edinburgh kimeyaacha mambo hayo ya mwili makusudi. Hata usingizi kinapouuliza, kinauliza kama huzuni ndiyo iliyouondoa.

Sasa lugha. Tafsiri za Kiswahili zipo, lakini usiichukue ukaenda nayo mlangoni bila kuijaribu. Swali la sita kwa asili yake linazungumzia mambo "kupanda juu" ya mtu. Ukilitafsiri neno kwa neno mama atakutazama tu. Analolijua ni "mambo yamenizidi" au "yamenielemea". Neno "sonona" lenyewe wengi hawalitumii. Utasikia "nina mawazo", "moyo mzito", "nawaza sana", "kichwa kimejaa".

Keti na akina mama watano ambao hawatakuwa kwenye kipimo. Wasomee swali, kisha waombe walirudie kwa maneno yao. Wakilirudia tofauti na ulivyokusudia, swali ndilo lenye kosa. Fanya hivyo hivyo kwa Kiha ikibidi, na tafsiri iandikwe mara moja tu, ili kila mhojaji asije akatafsiri yake papo kwa papo.

Onyo: kipimo hiki hakitoi jina la ugonjwa. Mhojaji asimwambie mama "una sonona". Aseme: "Majibu yako yananionyesha umebeba mzigo mkubwa. Ningependa uonane na nesi."

## Hatua ya 5: Wafundishe wahojaji, hasa swali la kumi

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fikiria ua mmoja wa Kibirizi. Dagaa wameanikwa, mama mkwe ameketi kizingitini akitoa michanga kwenye mchele, mzazi mwenyewe ana miaka 19 na mtoto wa wiki tano mgongoni. Mhojaji anasema, "Shikamoo mama," anaitikiwa marahaba, kisha anamgeukia mzazi: "Dada, unaendeleaje?" Atajibu salama. Atajibu salama hata kama hajala tangu jana, kwa sababu hilo ndilo jibu la salamu, na kwa sababu mkwe yupo.

Kwa hiyo kwanza ni mahali. Usihoji uani. Mwombe mzazi mkutane kliniki, au akusindikize njiani, au mwende shambani. Mhojaji wa pili abaki na mkwe na kumuuliza kwa dhati kuhusu mjukuu. Mkwe aliyeheshimiwa hana sababu ya kufuatilia.

Pili ni vikombe. Kila swali lina majibu manne, na mama aliyesomewa kwa sauti husahau la kwanza akifika la nne. Panga vikombe vinne mbele yake, chenye punje 1, 2, 3 na 4. Soma jibu la kwanza ukigusa kikombe cha kwanza, la pili ukigusa cha pili, hivyo hivyo hadi la nne. Kisha mpe punje aitumbukize kwenye kikombe chake. Kuna faida moja ambayo sikuitarajia: mama asiyeweza kutamka jibu anaweza kulitumbukiza. Nimeona mkono ukisimama juu ya vikombe muda mrefu, ukaenda cha kwanza, na machozi yakaja baada ya punje kugonga plastiki.

Tatu ni swali la kumi, linalouliza kama wazo la kujidhuru limemjia. Wahojaji wengi huliruka au hulisema haraka, "hili la kujidhuru halipo, sivyo?" Hofu yao ni kwamba kuuliza kutapanda wazo. Hakupandi. Mama mwenye wazo hilo mara nyingi hupumua akiulizwa na mtu asiyeshtuka. Mhojaji alisome kwa sauti ile ile ya maswali mengine tisa, asubiri, asijaze kimya.

Mama anaweza kuogopa polisi, maana Kanuni ya Adhabu yetu imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na habari hiyo watu wanayo. Mwambie wazi kwamba kuwa na wazo si kosa na jibu lake halipelekwi kituoni.

Jibu lolote la swali la kumi lililo zaidi ya "haijatokea kabisa" linasimamisha kazi, hata kama jumla yake ni 4. Weka karatasi pembeni. Uliza ameanza lini kuwaza hivyo, kama amepanga, nani yuko naye nyumbani leo. Piga namba za hatua ya 1. Mwenye mpango haachwi peke yake, anasindikizwa.

Utajua umefaulu kila mhojaji akiweza kulisoma swali la kumi mbele yako bila kushusha macho.

## Hatua ya 6: Anzia kwenye daftari la kliniki, si kwenye daftari la kikundi

Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote. Tukitaka kujua kama kikundi kinawafikia akina mama, tunawauliza akina mama waliofika. Mwenye hali mbaya kuliko wote hakuja, na hayumo kwenye daftari.

Kwa ruhusa ya muuguzi, chukua daftari la wajawazito na waliojifungua la zahanati kwa miezi 6 iliyopita. Hesabu wote wa eneo lenu. Chagua kwa mpangilio, kila wa nne au wa tano, mpaka upate idadi unayoimudu. Hao ndio unaowahoji, wawe wa kikundi au wasiwe. Ongeza kwa kumuuliza mkunga wa jadi na balozi kuhusu waliojifungulia nyumbani, maana daftari halina jina lao.

Linganisha na makadirio. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea matatizo ya akili, hasa sonona, huwapata takriban asilimia 15.6 ya wajawazito na 19.8 ya waliojifungua. Ukikuta 3 kati ya 100, usishangilie. Rudi hatua ya 4 na ya 5, huenda maswali hayajafika moyoni.

Usichanganye na huzuni ya siku za mwanzo. Wazazi wengi hulia na kubadilika hisia siku chache baada ya kujifungua, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Kwa hiyo usimpime mama kabla wiki 2 hazijapita.

## Hatua ya 7: Panga tarehe za vipimo viwili

Mama aliyejifungua ana miadi ambayo haikosi kirahisi: chanjo ya mtoto ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kipimo cha kwanza kiwe wiki ya 6, kabla hajaingia kikundini. Cha pili kiwe miezi 3 baadaye, ukimkumbusha siku ya chanjo ya wiki ya 14. Kwa mjamzito, kipimo cha kwanza kiwe hudhurio lolote la kliniki, cha pili baada ya miezi 3 vile vile. Tarehe isikutane na wiki 2 za mwanzo baada ya kujifungua.

Tazama mwezi. Kando ya ziwa, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wanalala nyumbani na fedha inapungua. Ukipima mara ya kwanza wakati wa mbalamwezi na mara ya pili wakati wa giza, utapima mfuko wa familia na kuuita kikundi. Vipimo vyote viwili viangukie upande mmoja wa mwezi.

Andika pia jambo kubwa lililotokea katikati. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mradi uliopima kabla na baada ya hapo bila kulitaja hilo haujasema kitu. Huko Kasulu na Kibondo jambo lenu ni mvua, kilimo na wiki za njaa kabla ya mavuno.

### Nani wa kulinganisha naye

Akina mama wengi hupata nafuu bila kikundi. Ushahidi mzuri unatoka Pakistan. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya mpango ambao wahudumu wa vijijini waliwatembelea wajawazito wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Mtoto alipofikisha miezi 6, asilimia 23 ya akina mama hao bado walikuwa na sonona. Upande wa pili, ambako wahudumu walitembelea bila mafunzo hayo, ilikuwa asilimia 53. Mpango ulifanya kazi sana. Lakini ona pia hili: upande wa pili karibu nusu walitoka bila mpango huo. Mtu asiye na upande wa pili angejisifia hao wote.

Njia ya haki ni kura. Kama mna mitaa sita na uwezo wa kuanza mitatu, andikeni majina kwenye vikaratasi na mtoto avute mbele ya watu. Mitatu inaanza sasa, mitatu inaanza baada ya miezi 3, na yote inapimwa siku zile zile. Anayesubiri hanyimwi rufaa: mwenye alama kubwa anapelekwa zahanati kama wengine.

Ikishindikana, pima hivyo hivyo, lakini ripoti iseme "akina mama walipata nafuu" na isiseme "kikundi kiliwapa nafuu".

## Hatua ya 8: Kaa kwenye vikao, ukiwa na saa

Hudhuria angalau vikao vitatu bila kutangaza siku utakayokuja; ruhusa uliyokwisha kupata inatosha. Andika vitu vitatu tu: nani alizungumza na kwa dakika ngapi, mama alipotaja jambo zito alijibiwa nini, na kama kuna aliyeondoka bila kusema neno.

Kikao kimoja nilichokaa kilidumu dakika 50. Mwezeshaji alizungumza dakika 38. Mama mmoja alisema mumewe hajarudi tangu alipojua mtoto ni wa kike. Jibu lilikuwa, "Vumilia mama, mwachie Mungu," na likafuata somo la lishe. Imani inawabeba wengi wetu, na sitaki kuidharau. Lakini jibu lile lilifunga mlango. Angeulizwa tu, "Na wewe unalalaje usiku?", kikao kizima kingekwenda kwingine.

Matokeo yakija mabaya, kurasa hizi za daftari ndizo zitakazokuambia kama wazo la kikundi ni baya au halijawahi kutekelezwa.

## Hatua ya 9: Watafute waliopotea

Kipimo cha pili kikifika, theluthi moja ya akina mama inaweza kuwa haionekani. Tenga wiki nzima kwa ajili yao peke yao. Uliza mkunga, jirani, muuguzi wa chanjo. Wengine wamerudi kwao kulea uzazi, wengine wamefuata waume kambi za uvuvi, wengine wamekatazwa na wifi kwa kuwa kikundi kimeitwa cha "wenye akili mbovu".

Ukimpata, usianze na "mbona umeacha?" Hilo ni shtaka. Sema: "Tumekukumbuka. Nini kingekurahisishia kuja?" Kisha fanya kipimo kama kawaida. Nusu saa na mama mmoja aliyeacha imenifundisha kuliko fomu 20 za waliobaki.

## Hatua ya 10: Hesabu

Alama zisijumlishwe nyumbani kwa mama. Zijumlishwe ofisini, na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe.

Maswali ya 1, 2 na 4 yanahesabiwa 0, 1, 2, 3 kuanzia jibu la kwanza. Swali la 3 na la 5 hadi la 10 yanahesabiwa kinyume: jibu la kwanza 3, kisha 2, 1, 0. Anayehesabu yote upande mmoja huwageuza wazima kuwa wagonjwa. Jaribu kwanza karatasi ya mama wa kubuni mwenye majibu mazuri kabisa yote. Usipopata 0, simama.

Kwa mama mmoja mmoja, alama zikishuka kwa 3 au pungufu, usiite badiliko. Alama hupanda na kushuka kidogo hata kama hali ni ile ile.

Sasa mfano wa kubuni. Mama 24 walianza na alama 13 au zaidi. Baada ya miezi 3 mliwapata 15 tu, na 11 kati yao wako chini ya 13. Ripoti nyingi zingeandika "asilimia 73 wamepona", yaani 11 kwa 15. Lakini walioanza ni 24. Mnachokijua kwa hakika ni 11 kwa 24, asilimia 46, na 9 hamjui wako wapi. Mkawatafuta, mkawapata wote, na 3 kati yao wana nafuu. Jibu lenu ni 14 kwa 24, asilimia 58.

Mitaa inayosubiri ilikuwa na mama 20 wa namna hiyo, na 8 wana nafuu bila kikundi, asilimia 40. Tofauti ni kati ya 58 na 40. Inatia moyo, lakini kwa idadi ndogo hivi bahati inaweza kuwa imechangia. Andika namba zenyewe pamoja na asilimia, kila mahali, ili msomaji aone udogo wake.

Kando ya hapo andika mambo matatu mafupi: katika kila akina mama 10 wa daftari la kliniki, wangapi walifikiwa, katika waliopewa rufaa, wangapi walifika kweli kwa nesi, na shilingi ngapi zilitumika kwa kila mama aliyefikiwa, nauli na chai zikiwamo.

## Hatua ya 11: Rudisha matokeo kwa wenyewe

Kabla ya mfadhili, kabla ya halmashauri, yapeleke mkekani. Usitaje mtu, na usitaje kundi dogo kiasi kwamba watu wanaweza kukisia. Tumia punje zile zile: weka 24 chini, ondoa zilizopata nafuu, waulize wanaona nini.

Mahali pamoja tulikuwa tumeandika kwamba wasiohudhuria "hawana mwamko". Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu alizitazama punje zilizobaki, akauliza kikao ni siku gani. Tukamjibu Jumatano. Akasema, "Jumatano ni gulio. Hao mnaowatafuta wako gulioni wanauza mawese, na watoto wao wako mgongoni." Tulifuta sentensi ile pale pale. Kikao kilihamia Alhamisi asubuhi, na kipimo kinachofuata kikapangwa miezi 3 kuanzia hapo, wiki ya giza kama kile cha kwanza.